Kihungaria: nani anakaa kiti cha mbele? Mwongozo wa kupanga maneno kwa anayefikiri Kiswahili

Wiki zangu za kwanza Debrecen, mji wa Hungaria, nilijitambulisha kwa kila mtu kwa sentensi moja niliyoikariri kwa jasho: Én lakom Debrecenben. Maneno yote matatu yako sawa. Én ni mimi, lakom ni naishi, Debrecenben ni mjini Debrecen. Lakini kila nikiitamka, msikilizaji alitabasamu kidogo, kama mtu aliyepewa jibu la swali ambalo hakuuliza. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kilichomfikia masikioni: "Ni mimi ninayeishi Debrecen." Kama vile kulikuwa na msako wa mkazi wa Debrecen, nami nimejitokeza kujisalimisha.

Nilipaswa kusema Debrecenben lakom. Basi.

Kitabu nilichokuwa nacho kiliandikwa kwa ajili ya wanaozungumza Kiingereza, kama vilivyo vingi vinavyotufikia. Kilisema kwamba mpangilio wa maneno ya Kihungaria ni huru, kisha kikaongeza kuwa neno lililo mbele ya kitenzi hupata msisitizo. Huru si kweli. Na "msisitizo" haumsaidii mtu, kwa sababu Mwingereza akitaka kusisitiza mara nyingi hupandisha sauti tu na maneno yakabaki palepale. Sisi tunayo ndiye, ndicho, ndipo, ni fulani aliye-. Tunajua kabisa tofauti ya "Anna alikula supu" na "Anna ndiye aliyekula supu". Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayoendesha sentensi ya Kihungaria, ila wenzetu hawa hawana neno la ndiye. Wana mahali pake.

Mwongozo huu ni wa anayesoma Kihungaria kupitia vitabu vya Kiingereza huku kichwani anafikiri Kiswahili: aliyepata ufadhili wa Stipendium Hungaricum, ambao serikali ya Hungaria ilianza kuutoa 2013, au aliyeoa ama kuolewa huko, au mpenzi wa lugha tu. Uwe unajua kusoma herufi zao na vitenzi vichache.

Kabla ya kuanza: hesabu ulichonacho

Una mtaji kuliko unavyodhani. Szeretlek ni nakupenda, neno moja kwa neno moja, na ile -lek ya mwishoni inafanya kazi ya na- na -ku- kwa pamoja. Házban ni nyumbani, na kama sisi wanaweka kiambishi cha mahali mwishoni. Ukiona házamban, ni ház (nyumba), am (yangu), ban (ndani).

Kilicho kitamu zaidi ni hiki. Sisi tunatofautisha "nasoma kitabu" na "nakisoma kitabu", kile tunachokijua. Wao pia: Könyvet olvasok ni kitabu chochote, Olvasom a könyvet ni kile kitabu. Kitenzi chenyewe kinabadilika mwishoni, olvasok na olvasom, kama chetu kinavyopokea -ki-. Wanafunzi niliokaa nao darasani, waliotegemea Kiingereza, walilia na jambo hili muhula mzima.

Halafu iangalie t iliyoko kwenye könyvet. Hiyo ndiyo inayomwonyesha mtendwa. Kwa kuwa t inatuambia nani kafanywa nini, mpangilio wa maneno umeondolewa kazi hiyo. Umebaki na kazi ya kusema kipi ni habari na kipi tunakijua tayari.

Hatua ya 1: Kijue kiti cha mbele

Chukua daladala. Dereva ni kitenzi. Kando yake kuna kiti kimoja, na anayekaa hapo anaonekana kuliko abiria wote. Katika Kihungaria kiti hicho ni nafasi iliyo mbele tu ya kitenzi, imegusana nacho, haipitishi neno jingine katikati. Na ni kimoja. Wakigombea wawili, mmoja atahama.

Ukishalishika hili umeshika nusu ya somo. Kinachobaki ni kujua nani ana haki ya kukaa hapo.

Hatua ya 2: Mweke abiria wa kawaida

Katika sentensi ya kawaida, isiyobishana na mtu, kiti hukaliwa na mmoja kati ya hawa.

Wa kwanza ni igekötő, maana yake "kinachofunga kitenzi". Mimi nakiita kishikizo. Ni vineno kama meg, el, ki, be, le, fel, haza. Megy ni anaenda, elmegy anaondoka, hazamegy anaenda nyumbani, bemegy anaingia. Meg mara nyingi husema kwamba jambo limekamilika: evett alikula, megette alikila akakimaliza. Kishikizo kikiwa kwenye kiti chake huandikwa pamoja na kitenzi.

– Anna megette a levest. Anna aliimaliza supu.

Kama kitenzi hakina kishikizo, kiti huchukuliwa na nomino tupu (isiyo na a au az ya kuonyesha kinachojulikana mbele yake), au mahali mtu anapoishi au anapokwenda, au lugha anayojifunza:

– Anna levest eszik. Anna anakula supu.
– Budapestre utazom. Nasafiri kwenda Budapest.
– Magyarul tanulok. Najifunza Kihungaria.
– Diák vagyok. Mimi ni mwanafunzi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotuangusha sawasawa na Kiingereza, maana lugha zote mbili huanza na mtenda, kisha kitenzi, kisha mengine. Ukisema Én tanulok magyarul umekwishajiweka mwenyewe kwenye kiti cha mbele: ni mimi ninayejifunza Kihungaria, wengine hawajifunzi. Dawa yake ni rahisi. Acha én. Kitenzi kinakubeba tayari, kama na- inavyotubeba sisi. Na kama unasahau, ikumbuke salamu uliyofundishwa siku ya kwanza: Jó napot kívánok. Neno kwa neno ni "siku njema nakutakia". Yambwa iko mbele, kitenzi nyuma. Umekuwa ukipanga vizuri tangu uwanja wa ndege.

Wapo madereva wasiohitaji abiria wa mbele, kama szeret (penda). Szeretem a kávét, naipenda kahawa, imekamilika hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Pima kwa ndiye

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Kabla ya kusema sentensi, jiulize: kwa Kiswahili ningetia ndiye, ndicho, ndipo, au ni ... aliye-? Kama ndiyo, neno hilo linapanda kiti cha mbele, na kishikizo kinashuka, kinapita nyuma ya kitenzi, na kinaandikwa peke yake.

– Anna megette a levest. Anna aliimaliza supu.
– Anna ette meg a levest. Anna ndiye aliyeimaliza supu.
– Anna a levest ette meg. Anna alichomaliza ni supu, si kitu kingine.

Angalia kishikizo tu. Meg ikiwa mbele, hakuna ndiye. Meg ikiwa nyuma, tafuta nani yuko kitini, huyo ndiye mwenye ndiye. Mimi nilipoanza kusikiliza kwa kufuata kishikizo, redio ya Kihungaria ilifunguka kama mtu aliyetoa pamba masikioni.

Nikupe kisa. Bwenini tulikuwa na jiko moja la pamoja. Jioni moja jirani yangu akafungua friji, akakuta sufuria yake imesuguliwa, akauliza: Ki ette meg a levest? Nani kaimaliza supu? Nilikuwa mimi. Nilidhani ni supu ya wote. Nikajibu kwa moyo mweupe: Én megettem a levest. Akanitazama, akasubiri. Sentensi yangu kwake haikuwa imeisha. Alichosikia ni "mimi kwa upande wangu nimeshamaliza supu...", kama mtu anayesimulia chakula chake cha mchana na anataka kuendelea na habari za wenzake. Ungamo lilitakiwa kuwa Én ettem meg. Ni mimi niliyeila. Nilikiri kosa bila kukiri.

Ningekuwa sikuila, ningekuwa na njia mbili, nazo hazifanani. Nem én ettem meg: si mimi niliyeila, mtafute mwingine. Én nem ettem meg: mimi sikuimaliza. Ya kwanza inakutoa kwenye kesi. Ya pili inasema tu ulichofanya wewe.

Mfano mwingine ni wa mpira, kwa sababu Wahungaria wakianza kuzungumzia 1953 hawamalizi. Tarehe 25 Novemba mwaka huo timu yao iliifunga Uingereza 6-3 uwanjani Wembley. Hidegkuti alifunga matatu, Puskás mawili, Bozsik moja. Sasa:

– Puskás gólt lőtt. Puskás alifunga goli. (Habari tu. Gólt ni nomino tupu, imekaa kitini.)
– Hidegkuti három gólt lőtt. Hidegkuti alifunga magoli matatu, wala si mawili.
– Hidegkuti lőtt három gólt. Hidegkuti ndiye aliyefunga magoli matatu.

Kijana akidai kuwa ni Puskás, mzee wa pembeni atamrekebisha: Nem Puskás lőtt három gólt, hanem Hidegkuti. Nem imekaa mbele ya jina kwa sababu inalikanusha jina. Magoli hayabishaniwi.

Sauti nayo ina kazi. Kihungaria huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, sisi kwenye ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tuna kibarua. Neno la ndiye linapigwa kwa nguvu pale mwanzoni mwake, na kitenzi kinachofuata kinalala chini, karibu hakisikiki. Gonga meza kwa kidole unapofika kwenye kiti cha mbele, usigonge kwenye kitenzi. Inachekesha, lakini inafanya kazi.

Hatua ya 4: Maswali yapande mbele

Sisi tunauliza "Unaenda wapi?", "Umenunua nini?", neno la swali mkiani. Kihungaria hakikubali. Neno la swali lina haki ya kudumu ya kiti cha mbele, na kishikizo kinampisha:

– Hova mész? Unaenda wapi?
– Mit vettél? Umenunua nini?
– Mikor jött meg Anna? Anna amefika lini?

Jibu linakaa kwenye kiti kile kile kilichoachwa na swali. Mikor jött meg? Tegnap jött meg, amefika jana. Ukiwa huna uhakika na mpangilio wa jibu, chukua swali lenyewe, ng'oa neno la swali, pachika jibu hapo hapo.

Hatua ya 5: Kinachojulikana kitangulie

Mfano wa daladala unachoka hapa, maana mbele ya kiti cha mbele bado kuna nafasi, na inaweza kuchukua maneno mengi. Ni mahali pa kile tunachokizungumzia. Kiswahili cha kila siku kinafanya hivyo hivyo: "Ufunguo umeuweka wapi?"

– A kulcsot hova tetted? Ufunguo umeuweka wapi?
– A kulcsot az asztalra tettem. Ufunguo nimeuweka mezani.

Tunachozungumzia kwanza, habari kitini, kitenzi, kisha mengine. Wanaisimu wa Hungaria, É. Kiss Katalin akiwa mbele, wameieleza safu hii kwa kina. Ukiisoma mada yao kwa uchovu, rudi kwenye ufunguo na meza.

Tofauti ya mahali hapa pawili inaonekana vizuri kwenye miaka. Reli ya chini ya ardhi ya kwanza ya Budapest, wanayoiita kisföldalatti, ilifunguliwa 1896.

– 1896-ban megnyílt a kisföldalatti. Mwaka 1896 reli ile ilifunguliwa. (Tunasimulia ya mwaka huo. Kishikizo meg hakijaguswa, kwa hiyo kiti si cha mwaka.)
– A kisföldalatti 1896-ban nyílt meg. Reli ile ilifunguliwa 1896. (Mtu aliuliza lini.)

Hatua ya 6: Vineno vyenye tabia zao

Nem inashika kiti na kukiondoa kishikizo: Anna nem ette meg a levest. Csak, yaani "tu", inampandisha mwenzake kitini bila mjadala: Csak Anna ette meg a levest, ni Anna pekee aliyeila. Kevesen (wachache) na ritkán (nadra) wana tabia hiyo hiyo. Kevesen ették meg a levest, ni wachache walioimaliza.

Wapole hawagusi kiti: is (pia), már (ile -sha- yetu) na mindenki (kila mtu). Kishikizo kinabaki kwake:

– Anna is megette a levest. Anna naye aliimaliza supu.
– Anna már megette a levest. Anna ameshaimaliza supu.
– Mindenki megette a levest. Kila mtu aliimaliza supu.

Is hukaa baada ya neno linalohusika, kama "naye" na "pia" zetu. Hakuna la kuhangaika hapo.

Hatua ya 7: Ukiwa na vitenzi viwili

Akar (taka), tud (weza, jua), kell (lazima) na wenzao wanapobeba kitenzi kingine, kishikizo kinakikimbia kitenzi chake na kuruka mbele ya hiki kikubwa:

– Haza akarok menni. Nataka kwenda nyumbani.
– Meg kell ennem a levest. Lazima niimalize supu.

Haza ni ya menni, lakini akarok imejipenyeza katikati. Hakuna kinachotushtua Waswahili kuliko hiki, na sina mfano wa kwetu wa kukupa. Kariri sentensi hizo mbili mpaka ulimi uzoee. Habari njema ni kwamba ndiye au nem ikiingia, kishikizo kinarudi nyumbani kwake: Nem akarok hazamenni. Holnap akarok hazamenni, kesho ndipo ninapotaka kwenda.

Usiitumie kanuni hii kwa szeret. Wanasema Szeretek hazamenni, napenda kwenda nyumbani, na kishikizo hakiruki.

Amri

Katika amri ya kawaida kishikizo kiko nyuma: Gyere be! ni ingia! Edd meg! ni kimalize! Ukikataza, vivyo hivyo: Ne edd meg! Lakini utasikia pia El ne felejtsd!, kishikizo mbele ya ne. Hii si amri tupu, ni onyo: usije ukasahau. Mama mwenye nyumba wangu aliisema kila mwezi siku chache kabla ya kodi.

Mahali pasipo na uhuru wowote

Ndani ya kundi la nomino kila kitu kimefungwa, na ni kioo cha Kiswahili. Sisi tunasema "matofaa mekundu makubwa mawili yale". Wao az a két nagy piros alma, alma ikiwa ya mwisho, tena bila wingi kwa sababu két (mawili) imeshahesabu. "Chini ya meza" ni az asztal alatt, meza kwanza. "Nyumba ya rafiki wa Anna" ni Anna barátjának a háza, isome kinyumenyume. Majina ya watu nayo: ukoo kwanza, Bartók Béla, Puskás Ferenc. Tarehe huanza na mwaka: 1953. november 25. Ukikumbuka kwamba wao hushuka kutoka kikubwa kwenda kidogo, utajaza fomu zao bila kufuta.

Zoezi la dakika kumi

Chukua vipande vitano vya karatasi: Anna, tegnap (jana), meg, ette, a levest. Andika maswali matatu pembeni. Nani aliila? Aliila lini? Kulitokea nini? Panga vipande kujibu kila swali, huku kidole kikiwa kwenye kipande cha meg. Kwa "nani" utapata Anna ette meg a levest tegnap. Kwa "lini", Anna tegnap ette meg a levest. Kwa "kulitokea nini", meg inarudi kitini: Anna tegnap megette a levest. Kesho badilisha kitenzi.

Ukishazoea, utakutana na sentensi ambayo kishikizo kiko nyuma na hakuna ndiye, hakuna swali, hakuna nem. Anna éppen ment le a lépcsőn. Usibabaike. Jambo lilikuwa bado linaendelea: Anna alikuwa ndiyo kwanza anashuka ngazi. Ni kama tofauti ya "alishuka" na "alikuwa anashuka".

Na siku moja mtu atakuuliza Megetted a levest?, umemaliza supu? Hapo huna haja ya sentensi nzima, wala ya "ndiyo". Jibu kwa kishikizo peke yake: Meg.